Mzazi: Askari au Kimbilio?

Hapo kale mzazi aliijua mipaka ya ulimwengu wa mwanawe. Ulimwengu huo ulikuwa kisima, malisho, shamba, njia ya shule na nyua za majirani. Mgeni alipokuja kijijini alionekana tangu mbali: mbwa walibweka, watu wakamwamkia, wakamwuliza atokako na aendako, na jamaa zake ni akina nani. Hakuweza kuketi faragha na mtoto wa watu pasipo jicho la mtu mzima kumwona. Siku hizi mtoto aweza kuketi jikoni kando ya mamaye, mama akichagua mchele, na papo hapo mtoto yule yumo katika mazungumzo na mtu asiyejulikana jina wala nchi. Mlango umefungwa kwa komeo, mbwa amelala, na mgeni yumo ndani.

Basi swali nipendalo tulitafakari pamoja, ndugu wasomaji, ni hili: mzazi amlinde mwanawe katika mtandao kwa namna gani? Awe askari, asomaye kila ujumbe na kupekua kila picha? Au amwachie uhuru wake, kwa kuwa mtoto naye ni mtu mwenye heshima yake? Wala mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa mjini peke yao. Simu moja ya baba yaweza kupita katika mikono ya watoto watano kabla ya jua kuchwa. Mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa kuwa na simu shuleni huikuta nyumbani wakati wa likizo, akaishika kwa kiu ya miezi mitatu. Na shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wako wazazi waliokuwa wakiikataza simu nyumbani ambao waliinunua wenyewe, ili mtoto asikose masomo.

Yako maneno mawili yasemwayo na watu juu ya jambo hili, na kila moja lina ukweli wake. Haya na tuyapime.

Wa kwanza husema: Mtoto ni mtoto. Hajui hatari, na asiyejua hatari hana haki ya kufunga mlango. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Watu hawa hawakukosa hoja. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliokubaliwa mwaka 1990, katika kifungu chake cha 10 wampa mtoto haki ya faragha, lakini papo hapo wasema ya kuwa wazazi wana haki ya kusimamia mwenendo wa watoto wao kwa kadiri ifaayo. Mzazi anyang'anyaye kisu mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu hamdhulumu. Na simu yaweza kukata kuliko kisu.

Wa pili hujibu: Mtoto aliyechungwa kila saa hajifunzi kujichunga. Atatii maadamu macho yako yamwona, na siku utakapogeuza uso atafanya lile lile ulilomkataza, tena kwa siri. Nao wana hoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 wataja faragha ya mtoto katika kifungu cha 16, na katika kifungu cha 5 wasema ya kuwa uongozi wa mzazi uende sawasawa na akili ya mtoto inavyokua. Maana yake ni kwamba mkono umshikao mtoto wa miaka sita usimshike vivyo hivyo kijana wa miaka kumi na sita.

Nami naona ya kuwa hatutaweza kuamua kati ya hoja hizi mbili mpaka kwanza tumjue adui. Maana mlinzi asiyejua mwizi huingilia wapi, hukesha mlangoni na nyumba ikavunjwa kwa nyuma.

Mdanganyifu wa mtandaoni haji na panga. Huja na salamu. Hujiita mtoto wa umri ule ule, na picha aionyeshayo ameiiba kwa mwingine. Husifu. Huuliza, Mbona u peke yako? Hutuma vocha kidogo, au zile sarafu zitumiwazo katika michezo ya simu. Kisha husema, Tutoke hapa penye watu wengi, twende mahali petu wawili. Kisha husema, Jambo hili lisijulikane na mtu, hasa wazazi wako, maana wao hawatatuelewa. Kisha huomba picha. Kwanza ya uso, baadaye ya mwili. Na siku aipatapo picha hiyo sauti yake hubadilika: Nipe fedha, au nipe picha nyingine, ama sivyo nitaipeleka kwa babako, kwa mwalimu wako, na kwa rafiki zako wote.

Tazameni, silaha ya mtu huyo ni ipi? Yeye yu mbali. Mkono wake haufiki nyumbani kwetu. Hana fimbo. Kwa hiyo huazima fimbo yetu. Humtisha mtoto kwa baba yake mwenyewe. Kama mtoto angejua yakini ya kuwa baba akisikia habari ile atamshika mkono kwanza na kuuliza baadaye, tishio lile lingepungua nguvu, likawa kama bunduki iliyotolewa risasi. Lakini kama mtoto ajua ya kuwa nyumbani kuna kipigo, na matusi, na aibu ya kutangazwa kwa shangazi na wajomba, basi atafanya lo lote aambiwalo na mgeni, mradi nyumbani wasijue. Ndiyo maana nasema ya kuwa hasira ya mzazi, ambayo yeye aidhani ni ukuta, mara nyingi ndiyo ngazi ambayo mwizi huipandia.

Jambo hili si la kubuni. Katika jimbo la Michigan, nchi ya Marekani, mwezi wa Machi mwaka 2022, kijana wa miaka 17 alizungumza usiku kwa njia ya Instagram na mtu aliyemdhani kuwa msichana. Walikuwa ndugu wawili wa kiume walioko Lagos, Nigeria. Walipopata picha yake walimdai dola 1,000. Alilipa 300, wakadai zaidi. Mambo hayo yote, tangu salamu hata kifo cha kijana kwa mkono wake mwenyewe, hayakuchukua saa sita. Palipokucha watu wa nyumbani waliamkia msiba. Ndugu wale walipelekwa Marekani, na mwezi wa Septemba mwaka 2024 mahakama ikawahukumu kila mmoja kifungo cha miaka 17 na nusu. Haki ilitendeka, lakini haki haiwezi kumwamsha aliyelala. Saa sita ni muda mfupi kuliko usingizi wa mzazi mmoja. Hakuna askari awezaye kukesha hivyo kila usiku. Awezaye kuokoa katika saa kama hizo ni mtoto mwenyewe, akiwa na mlango mmoja ambao haogopi kuubisha usiku wa manane.

Hapa yafaa tujipime sisi wenyewe, kwa sababu ziko desturi zetu mbili njema ambazo mdanganyifu huzigeuza kuwa mtego. Ya kwanza ni utii. Twamfundisha mtoto ya kuwa kila mtu mzima ni baba yake au mama yake. Amwamkie, atumwe naye, asimbishie. Desturi hii ni nzuri kijijini, ambako mtu mzima naye huangaliwa na watu wazima wenzake. Katika mtandao hapana wa kumwangalia. Basi mtoto hana budi kufundishwa neno jipya, nalo ni hili: heshima haimlazimishi mtu kutii mambo mabaya. Mkubwa akuambiaye, Usimwambie mama, amekwisha kuivunja heshima yake mwenyewe.

Desturi ya pili ni haya. Kuna mambo ya mwili ambayo kwetu mzazi hayasemi na mwanawe. Zamani yalisemwa na bibi, na shangazi, na somo katika unyago, na kungwi katika jando. Siku hizi watu wa jamaa wametawanyika, mmoja Mwanza, mmoja Mombasa, na katika nyumba nyingi kazi ile imebaki bila mwenyewe. Mtoto asiyepewa maneno ya kutajia mwili wake, siku atakapotendwa vibaya atasimuliaje? Atanyamaza, kwa kuwa hana lugha. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini pengine si mtoto afichaye maradhi. Sisi ndisi tuliomnyima jina la ugonjwa.

Tena tusimtafute adui ng'ambo ya bahari tu. Shirika la UNICEF, pamoja na ECPAT na polisi wa kimataifa wa INTERPOL, walifanya uchunguzi katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Uchunguzi huo, uitwao Disrupting Harm, ulionyesha ya kuwa mara nyingi mtu amdhuruye mtoto kwa njia ya mtandao ni mtu ambaye mtoto amjua tayari. Ulionyesha pia ya kuwa watoto wengi waliopatwa na mambo hayo hawakumwambia mtu, au walimwambia rafiki tu. Waliofika polisi walikuwa wachache sana. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzazi amwambiaye mtoto, Jihadhari na wageni, kisha akanyamaza, amefunga dirisha moja akaacha mlango wazi.

Basi turudi kwenye swali letu: askari au kimbilio? Jibu langu ni hili: mzazi awe kimbilio kwanza, na uaskari wake wote uitumikie kazi hiyo. Sisemi aache kulinda. Nasema alinde kwa namna ambayo mtoto hatapoteza ujasiri wa kumjia. Hii ndiyo mizani ya kupimia kila sheria ya nyumbani. Kabla hujachukua simu ya mwanao na kuipekua, jiulize: tendo hili litamfanya aje kwangu upesi zaidi siku ya shida, au litamfundisha kuficha kwa ustadi zaidi?

Kwa mizani hiyo twaweza kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa nje, yaani kulinda na kupeleleza. Alindaye hufanya kazi yake wazi. Humwambia mtoto wa miaka minane, Simu hutumiwa sebuleni, na saa mbili usiku inarudi kwangu, nami nitatazama pamoja nawe unayoyatazama. Mtoto ajua sheria, ajua na sababu yake. Apelelezaye huamka usiku, hujua neno la siri kwa hila, husoma, kisha hungojea siku ya ugomvi atoe aliyoyasoma kama shahidi mahakamani. Huyu hata akigundua jambo la kweli, amelipata kwa kuuza kitu cha thamani kuliko hilo. Kadiri mtoto anavyokua na kuonyesha akili, kamba na ilegezwe. Kijana wa miaka 16 aachiwe mazungumzo yake na rafiki zake, isipokuwa pana dalili ya hatari. Na hapo pia aambiwe, Mwanangu, nina hofu juu yako, nataka kutazama, na sababu ni hii. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto nayo ilinena hivyo mwaka 2021: usimamizi wa mtoto katika mtandao usizidi kiasi, na uangalie ukuaji wake.

Najua mtu ataniuliza: Mwalimu, mtoto akijua ya kuwa hataadhibiwa, je, hatazoea kufanya upumbavu? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu. Sikusema ya kuwa kosa lisionywe. Nasema yako mambo mawili, wala yasichanganywe: upumbavu alioufanya mtoto, na uovu aliotendewa. Mtoto aliyepanda mwembe aliokatazwa akaanguka akavunjika mguu, hapelekwi kwanza kuchapwa, hupelekwa hospitali. Habari ya mwembe itazungumzwa mguu ukiisha pona, na kwa kawaida mguu wenyewe umekwisha kumfundisha. Vivyo hivyo mtoto aliyetuma picha. Amekosa, naam. Lakini yule mtu mzima aliyemtega ndiye mwenye hatia, na mzazi akimwadhibu aliyetegwa kabla ya kumtafuta mtegaji, amesimama upande wa mtegaji bila kukusudia.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, ambao wazazi hatupendi kuutazama. Wale ndugu wawili wa Lagos walikuwa vijana. Walikuwa na mama. Twaomba watoto wetu wasiwe kondoo mbele ya mbwa mwitu. Je, twaangalia pia wasiwe mbwa mwitu wenyewe? Kijana apelekaye katika kundi la WhatsApp la darasa picha ya aibu ya msichana, na wenziwe arobaini wakaicheka na kuisambaza, hao wote ni watoto wa watu, nao walilelewa. Hakuna hata mmoja aliyeona macho ya msichana yule. Hapo ndipo ugumu wa mtandao ulipo: mkono hupiga, na jicho halioni damu. Kwa hiyo mtoto afundishwe swali moja dogo kabla ya kubonyeza: Je, ningeweza kulisema neno hili mbele yake, mama yake akiwa ameketi hapo? Mtoto aliyezoea swali hilo amelindwa asidhuriwe, na wengine wamelindwa naye.

Nasi wakubwa tujiangalie. Wazazi wangapi huweka picha ya mtoto wao mbele ya ulimwengu, akiwa amevaa sare yenye jina la shule, na siku yake ya kuzaliwa imeandikwa chini, kisha wakamwambia mtoto, Usitoe habari zako kwa watu? Wangapi hukemea simu mezani, nayo yao i karibu na sahani? Mtoto hasikii sana tusemayo, huangalia tutendayo.

Wala si haki kuutwika mzigo wote kichwani mwa mzazi. Makampuni ndiyo yaliyoijenga njia hii, nayo hupata faida kwa kila dakika mtoto apitayo humo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ndiyo chanzo cha ule mpaka wa miaka 13 tuuonao katika mitandao mingi, lakini kwa miaka mingi mtoto alihitaji tu kuandika mwaka wa uongo, akapita. Australia imekwenda mbele zaidi: kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2024 na kuanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa ya kijamii hairuhusiwi kuwapa akaunti watoto wa chini ya miaka 16, na atozwaye faini ni kampuni, si mtoto wala mzazi. Jambo hilo la mwisho lina hekima ndani yake. Hata hivyo ua, ujapokuwa mrefu, una mwisho wake. Mtoto atafikia miaka 16, na siku hiyo atatoka nje ya ua akiwa na yale tu tuliyomfundisha alipokuwa ndani.

Mwisho, yafaa mzazi ajue la kufanya siku ya shida yenyewe, maana siku hiyo hapana nafasi ya kufikiri. Mtoto akija na habari kama hizi, neno la kwanza liwe: Umefanya vema kuniambia. Asilaumiwe saa hiyo. Fedha zisilipwe, kwa kuwa alipaye mara moja hudaiwa mara ya pili. Ujumbe na majina ya yule mtu yasifutwe, maana ndiyo ushahidi. Yahifadhiwe, kisha mtu huyo azuiwe asiweze kuandika tena, na mtandao wenyewe upewe taarifa. Polisi waambiwe. Katika Kenya, Tanzania na Uganda iko simu ya msaada kwa watoto, namba 116, nayo hupigwa bure. Na kama picha imekwisha kutoka, shirika la Marekani liitwalo National Center for Missing and Exploited Children lilianzisha mwaka 2023 huduma ya bure iitwayo Take It Down. Mtu aitumiaye hataji jina lake, wala picha yenyewe haitoki katika simu yake. Hutolewa alama yake tu, ili mitandao iliyokubali iitambue na kuiondoa.

Enyi wazazi wenzangu, hatutaweza kuujua kila mlango wa mtandao. Watoto wetu wanaujua kuliko sisi, na kesho utakuwa na milango mingine ambayo leo haijajengwa. Lakini mlango mmoja twaujua, kwa kuwa ni wetu. Wahenga walisema, Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtoto atakwenda tezi, atakwenda omo, na upepo wa huko hatuushiki sisi. Kazi yetu ni kuangalia kwamba siku atakaporudi mbio ngamani, usiku, akitetemeka, hatakuta pamefungwa.